Daftari Liko Mikononi mwa Nani? Maziwa, Laini za Simu na Programu Zetu

Siongiroi iko Chepalungu, upande ule wa Kaunti ya Bomet ambako chai inapungua na mahindi na ng'ombe wanashika nafasi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakulima wa hapa, wakiungwa mkono na shirika la Heifer, walipata kituo chao cha kupozea maziwa. Mkulima analeta lita zake tano au kumi asubuhi, zinapimwa, zinaandikwa kwa jina lake, zinamwagwa kwenye tangi la pamoja, kisha gari la kiwanda linakuja kuzoa. Mradi wa East Africa Dairy Development ulipoanza Kenya, Uganda na Rwanda mwaka 2008 kwa fedha za wakfu wa Bill na Melinda Gates, Siongiroi ilikuwa tayari inatajwa kama mfano.

Nyuma ya tangi hilo kuna historia ndefu ya leseni, na ninataka kuitumia kupima jambo ambalo kwa kulitazama haraka halihusiani na maziwa. Tarehe 25 Agosti 2025 kampuni ya Google ilitangaza kwamba kila programu itakayosakinishwa kwenye simu ya Android iliyoidhinishwa itabidi iwe imesajiliwa na msanidi aliyethibitisha utambulisho wake kwa Google. Agizo hilo haliishii kwenye programu za duka la Play. Linafika hadi kwenye programu unayoipakua kutoka tovuti ya mwenye kuitengeneza, unayotumiwa na rafiki kwa WhatsApp, au unayopewa mkononi bila kutumia data. Ratiba iliyotangazwa ilianza na Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand Septemba 2026, kisha nchi nyingine zote kuanzia 2027. Kenya imo katika hizo nyingine zote.

Nchi hii imesajili watu, mimea, maziwa, magazeti na laini za simu kwa zaidi ya miaka mia moja. Tuna uzoefu wa kutosha wa kulijadili jambo hili bila mayowe, na pia bila usingizi.

Nianze na kipande, kwa sababu wengi wakisikia usajili wa lazima hukitaja kabla ya kufikiri. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, 1919 na 1920. Mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alichukuliwa alama za vidole na kupewa karatasi aliyoibeba ndani ya kijaluba cha chuma, mara nyingi kikining'inia shingoni. Mwajiri aliandika humo tarehe ya kuajiriwa, mshahara, na siku ya kumwachilia. Asipotia sahihi ya kumwachilia, mfanyakazi akiondoka alikuwa mtoro mbele ya sheria. Harry Thuku, mwanaharakati aliyepinga sera za kikoloni, alipokamatwa Machi 1922, kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko yaliyowakusanya watu nje ya kituo cha polisi Nairobi, na risasi za siku ile ziliua watu wasiopungua 21. Miaka michache baadaye kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilianza kupanda chai Kericho, na vibarua waliochuma majani hayo walikuwa watu wa kipande.

Msanidi programu wa leo hafungwi kwa kukosa akaunti. Hanyang'anywi ardhi, hachapwi, na anaweza kuacha kazi hiyo kesho asiulizwe na mtu. Anayesema Google imerudisha kipande anawapunguzia uzito waliokivaa, na hoja yake mwenyewe inakuwa nyepesi. Kinachobaki kwenye kumbukumbu ya kipande na kinachotufaa hapa ni kimoja: daftari lile lilijazwa na upande mmoja. Mwenye jina ndani yake hakuweza kusahihisha mstari wowote, na aliyelishika hakuwajibika kwake.

Leseni za mazao zinakaribia zaidi suala letu. Kwa sehemu kubwa ya enzi ya ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kulima chai, na kahawa ilifunguliwa kwa kubanwa sana kuanzia miaka ya 1930, katika sehemu chache kama Kisii, Meru na Embu. Sababu walizotoa walowezi kuhusu kahawa hazikuwa za kipuuzi zikisomwa moja moja: mashamba madogo yasiyosimamiwa yangeeneza magonjwa ya mimea, ubora ungeshuka na jina la Kenya sokoni lingeharibika, na wezi wangepata mahali pa kuuzia kahawa iliyoibwa mashambani. Ugonjwa wa mimea upo, na wizi wa kahawa ulikuwepo. Kosa lilikuwa ukubwa wa dawa. Hofu ya shamba moja bovu ilitumiwa kumfungia kila mtu, na aliyepima hofu hiyo alikuwa yule yule aliyefaidika mlango ukifungwa. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulipofungua mazao ya biashara, na shirika la chai ya wakulima wadogo, KTDA, lilipoundwa mwaka 1964, wakulima wadogo wa Kericho, Bureti, Konoin na kwingineko walithibitisha kwamba chai yao inaweza kuwa bora. Nao walisajiliwa! Kila mmoja alikuwa na namba yake na kituo chake cha kuuzia. Usajili uliowapa soko na uliowafungia soko ulifanana kwenye karatasi. Tofauti ilikuwa katika kilichompata mtu ambaye jina lake halikuwemo.

Sasa maziwa. KCC, ushirika wa kununua na kusindika maziwa, ilianzishwa na walowezi mwaka 1925. Sheria ya Sekta ya Maziwa ya mwaka 1958 ilizaa Bodi ya Maziwa ya Kenya, na kwa miongo iliyofuata KCC ndiyo iliyotawala soko la mijini. Aliyebeba maziwa mabichi kwenye mtungi na kuyapeleka mjini kuuza alikuwa akivunja sheria. Sababu ilikuwa afya ya umma, nayo ni sababu ya kweli: maziwa hubeba kifua kikuu cha ng'ombe na homa ya brusela, na muuzaji mlaghai huongeza maji. Mwaka 1992 serikali iliondoa udhibiti wa bei, KCC ikayumba kadiri muongo ule ulivyokwenda, na wachuuzi wakajaza pengo. Maziwa mengi yaliyouzwa Kenya yalipita mikononi mwao, wengi bila leseni. Waliwakimbia askari na wakaguzi, walimwagiwa maziwa barabarani, walitoa hongo.

Halafu likatokea jambo ambalo ningependa kila anayepanga kanuni za teknolojia alisome. Kati ya mwaka 1997 na 2005 wizara ya mifugo, taasisi ya utafiti wa kilimo ya KARI na taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, ziliendesha mradi wa pamoja kuhusu wafugaji wadogo. Watafiti walikwenda kuuliza maziwa yale hufanywa nini yakifika nyumbani. Wakakuta kwamba karibu kila familia huyachemsha kabla ya kuyanywa. Hatari iliyokuwa ikitajwa kuhalalisha marufuku ilikuwepo, ila sehemu kubwa yake ilikuwa ikiishia kwenye sufuria. Kuanzia mwaka 2004 Bodi ya Maziwa ikabadilisha mwendo. Badala ya kumfukuza mchuuzi ilianza kumfundisha usafi, kumtaka atumie chombo kinachosafishika, kisha kumpa leseni. Wachumi wa ILRI walikadiria baadaye kwamba mabadiliko hayo yaliiletea nchi faida ya zaidi ya dola milioni 30 kwa mwaka.

Leseni haikufutwa, na mimi sidai kwamba ingefutwa. Ilikatwa ikatosha hatari iliyoonekana baada ya kuchunguzwa, na ikawekwa mahali panapohusika, yaani pale maziwa yanapouzwa kwa umma. Mkulima wa Siongiroi anayempa shemeji yake mtungi wa maziwa, au anayegandisha mursik kwa wageni wa harusi, hakutakiwa kujiandikisha popote. Tayari unaona ninakoelekea.

Historia ya magazeti naipita haraka, kwa kuwa inajulikana. Mwaka 2002 Bunge la Kenya lilipandisha dhamana anayotakiwa kuweka mchapishaji wa gazeti kutoka shilingi 10,000 hadi milioni 1, kwa hoja ya kukomesha magazeti ya uzushi. Kampuni kubwa za habari hazikuyumba, kwa kuwa waliolengwa na waliobanwa walikuwa wadogo. Tanzania mwaka 2018 ilitaka waandishi wa blogu walipe jumla ya zaidi ya shilingi milioni 2 za Tanzania kwa ada na leseni, na jukwaa la mtandaoni la Jamii Forums likalazimika kusimama kwa muda Juni mwaka huo. Hapa Kenya mswada wa kuwasajili wataalamu wa teknolojia ya habari ulifika bungeni mwaka 2016, ukapingwa, ukarudi kwa sura ya mwaka 2020, na Rais Uhuru Kenyatta akakataa kuutia sahihi mwaka 2022. Kwa hiyo swali la nani aruhusiwe kuandika programu tumelijadili bungeni, kwa sauti, na jibu la dola lilikuwa hapana. Ni ajabu kwamba jibu tofauti linaweza kutufikia kupitia masasisho ya simu.

Laini za simu zinahitaji muda zaidi, kwa sababu mpango wa Google unafanana nazo kuliko kitu kingine chochote. Baada ya ghasia za uchaguzi za 2007 na 2008, na wimbi la utekaji wa watu ili walipiwe fidia kwa simu, Rais Mwai Kibaki aliagiza mwaka 2009 laini zote zisajiliwe. Zoezi lilianza Juni 2010. Mwisho wa 2012 laini zisizosajiliwa zilizimwa. Mwaka 2022 tuliitwa tena, wengine wakipanga foleni juani wakiwa na vitambulisho mkononi ili wapigwe picha pia. Tulikubali, na hoja tuliyopewa ilikuwa ya maana: mhalifu asiyeweza kujificha ataogopa.

Mashariki ya Siongiroi, mpakani mwa Bomet na Narok, kuna mji wa Mulot. Wakazi wake wengi ni wakulima na wafanyabiashara wanaoamka mapema kama watu wa Siongiroi, nao wamechoka kusikia jina la mji wao likitajwa vibaya. Lakini kwa miaka kadhaa, tena baada ya usajili wa lazima, makachero wa DCI wamekuwa wakitangaza kukamatwa kwa washukiwa wa utapeli wa kubadilisha laini za watu na kuzoa pesa zao za M-Pesa, na jina la Mulot limekuwa likijirudia katika taarifa hizo. Ukitazama jinsi utapeli huo unavyofanyika utaona jambo la kutia wasiwasi. Tapeli hukusanya jina kamili, namba ya kitambulisho na mwaka wa kuzaliwa, kisha hujifanya mwenye laini na kuomba apewe laini mpya yenye namba ile ile. Taarifa zilizokusanywa ili kumtambua mhalifu ndizo anazozitumia kumwigiza mwananchi. Juu ya hilo kuna laini zilizosajiliwa kwa vitambulisho vya watu wasiojua. Safaricom ililazimika kuweka huduma ya *106# ili mteja aone namba zilizoandikishwa kwa jina lake.

Sisemi kwamba usajili wa laini haukusaidia. Umewapa polisi pa kuanzia katika kesi nyingi. Ninasema kwamba mhalifu wa kazi hiyo alipata njia ya kuuzunguka ndani ya muda mfupi, na mzigo wa kudumu ukabaki kwa mwananchi wa kawaida. Hivyo hivyo kuhusu akaunti za wasanidi: kampuni ya usalama ya Kaspersky ilieleza mwaka 2023 kwamba akaunti za Google Play zilikuwa zikiuzwa kwenye masoko ya siri ya intaneti kwa takriban dola 60 hadi 200. Genge linaloiba mamilioni halitashindwa na bei hiyo.

Mfano wa pili wa kwetu ni wa mikopo ya simu. Mtu alikopa shilingi elfu mbili, akachelewa siku tatu, kisha mama mkwe wake, mwalimu wa mtoto wake na mwenyekiti wa chama wakapigiwa simu kuambiwa kwamba fulani ni mdaiwa sugu. Programu hizo zilikuwa zimesoma orodha yote ya majina kwenye simu yake. Zilitoka wapi? Nyingi zilitoka Google Play, kwenye akaunti zilizolipiwa dola 25 na zenye majina ya kampuni. Zilikuwa programu zilizosajiliwa.

Kilichozipunguza ni mambo mengine. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 ilimpa Kamishna wa Data meno. Bunge lilirekebisha Sheria ya Benki Kuu mwaka 2021, na kanuni za wakopeshaji wa kidijitali zikafuata Machi 2022. Google yenyewe, kwa haki kabisa, ilitangaza kwamba kuanzia mwanzo wa 2023 programu ya mikopo kwa Wakenya ndani ya Play ionyeshe leseni au idhini ya Benki Kuu. Septemba 2023 Kamishna aliitoza faini ya shilingi 2,975,000 kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, kwa kutumia vibaya namba za watu. Utambulisho ulikuwa na kazi yake humo, kwa kuwa huwezi kumtoza faini usiyemjua. Lakini uliombwa kwa biashara yenye hatari inayojulikana, ndani ya duka, chini ya sheria iliyopigiwa kura, na mwenye kutozwa faini anaweza kwenda mahakamani.

Sasa tuitazame simu yenyewe. Kabla ya Android, simu za Nokia zilizojaa mijini na vijijini zilipokea programu ndogo za Java kwa Bluetooth, kutoka simu moja hadi nyingine, na simu iliuliza tu kama una uhakika. Symbian, mfumo wa simu kubwa za Nokia, ulianza mwaka 2006 kudai sahihi kwenye programu, ila uligawa madaraja: programu ndogo isiyogusa kitu nyeti msanidi aliweza kuitia sahihi mwenyewe, na ile iliyotaka ruhusa nzito ndiyo iliyopelekwa kukaguliwa. Apple ilifungua duka lake Julai 2008 na kufunga milango mingine yote, kwa ada ya dola 99 kila mwaka. Android ilitoka mwaka huo huo ikijitambulisha kwa jambo lililo kinyume. Kulikuwa na duka, na ada ya dola 25 ya mara moja kwa anayetaka kuuza humo, lakini mwenye simu aliweza kuruhusu vyanzo vingine. Ndiyo Android iliyoingia kwetu kwa kishindo mwaka 2011, Safaricom ilipoleta IDEOS ya Huawei kwa takriban shilingi 8,000, na baadaye Tecno, Infinix na itel. Kizazi kizima cha vijana wa iHub, kituo cha wabunifu wa teknolojia kilichofunguliwa Nairobi mwaka 2010, kilijifunza kazi kwa kuandika programu jioni na kuiweka kwenye simu ya rafiki usiku ule ule.

Mpango mpya unataka nini hasa? Jina la kisheria, anwani, barua pepe na namba ya simu, na mara nyingi kitambulisho cha serikali. Taasisi inatakiwa kuwa na namba ya D-U-N-S, namba ya kuitambulisha taasisi, inayotolewa na kampuni ya Marekani ya Dun & Bradstreet. Ada ni dola 25. Kuna akaunti ya bure kwa wanafunzi na wanaojifunza, ambayo programu zake zinaweza kufika kwenye idadi ndogo tu ya vifaa. Anayeunganisha simu na kompyuta kwa waya ataendelea kusakinisha anachotaka. Baada ya malalamiko, Novemba 2025 Google ilisema itatengeneza pia njia yenye maonyo makali kwa watumiaji wazoefu wanaokubali hatari. Yote hayo ni lazima yasemwe. Anayedai kwamba kuandika programu kumepigwa marufuku hasemi kweli. Tovuti nazo hazijaguswa. Na tatizo linalotajwa ni halisi: Google inasema imekuta programu hasidi zaidi ya mara 50 katika vyanzo vya intaneti kuliko ndani ya Play. Hata ukiipunguza hesabu hiyo kwa kuwa aliyeitoa ana maslahi, mtu aliyepigiwa simu na tapeli, akaelekezwa kusakinisha kitu, kisha akakuta akaunti yake ni sifuri, hasaidiwi na hotuba kuhusu uhuru.

Basi lawama yangu iko wapi? Iko mahali daftari lilipowekwa. Duka lina haki ya kujua nani anauza ndani yake, kama Bodi ya Maziwa ilivyo na haki ya kujua nani anauza maziwa mjini. Mpango huu unatoka nje ya duka na kuingia katika simu niliyoinunua, unasimama kati yangu na mtu ninayemwamini, na kumtaka yeye ajiandikishe kwa mtu wa tatu kabla hajanipa alichonitengenezea. Hakuna marufuku ya maziwa, hata katika miaka ile mibaya, iliyofika mbali hivyo.

Chukulia kijana wa sekondari wa Chepalungu anayeandika programu ya kumsaidia mama yake kulinganisha lita alizopeleka kituoni na zile alizolipiwa. Ana miaka 16, na programu yake ikivuka vile vifaa vichache vya akaunti ya bure atatakiwa kujisajili kikamilifu. Kitambulisho cha taifa Kenya hutolewa kwa aliyetimiza 18. Chama cha ushirika cha mama yake kikitaka kuigawa programu hiyo kwa wanachama wake wote, kitahitaji ile namba ya D-U-N-S kutoka Marekani, ingawa kimesajiliwa kihalali na Kamishna wa Ushirika hapa nchini. Dola 25 ni zaidi kidogo ya shilingi 3,200. Maziwa yakinunuliwa kwa shilingi 50, hizo ni lita 64. Kwa kampuni ya Nairobi hayo ni mambo ya asubuhi moja. Kwa kijana huyu ni sababu ya kuacha, na hakuna takwimu itakayoonyesha programu ambayo haikuandikwa.

Wapo pia waliokawizwa vitambulisho kwa miaka kwa sababu ya asili yao. Wanubi na Wasomali wa Kenya walihojiwa na kamati za kuwachuja kwa miongo mingi, hadi Rais William Ruto alipotangaza mwanzoni mwa 2025 kuufuta utaratibu huo. Mahakama Kuu iliposimamisha Huduma Namba, mpango wa namba moja ya utambulisho kwa kila mtu, isiendelee bila sheria timilifu, Januari 2020, Nubian Rights Forum ilikuwa miongoni mwa walioshtaki, kwa kuwa walijua kwa ngozi zao maana ya kuambiwa rudi na karatasi nyingine.

Kuna lingine linalonikosesha raha. Tarehe 30 Mei 2025 Rose Njeri, msanidi programu wa Kenya, alikamatwa kwa kutengeneza tovuti iliyowawezesha wananchi kutuma barua pepe ya kupinga Mswada wa Fedha kwa kamati ya Bunge. Alishtakiwa chini ya sheria ya makosa ya kompyuta ya mwaka 2018, na tarehe 20 Juni mahakama ya Milimani ikaitupa kesi. Yake ilikuwa tovuti, naye hakujificha, kwa hiyo mpango wa Google usingembadilishia lolote. Ila ametuonyesha kwamba hapa kwetu kuandika zana ndogo ya kiraia kunaweza kukulaza rumande. Mtu mwingine, mwoga kuliko yeye, angependa kutoa kitu kama hicho bila jina lake kukaa kwenye hifadhi ya kampuni ambayo serikali yoyote inaweza kuibishia hodi. Oktoba 2019 Apple iliondoa ramani ya HKmap.live iliyotumiwa na waandamanaji wa Hong Kong, baada ya kushutumiwa na vyombo vya habari vya China. Oktoba 2025 iliondoa ICEBlock, programu ya kuripoti walipo maafisa wa uhamiaji wa Marekani, baada ya kuombwa na serikali ya Marekani. Kwenye simu za Apple, katika nchi nyingi programu ikiondolewa dukani haina pengine pa kupatikana. Kwenye Android bado kulikuwa na mlango wa pembeni, na mlango huo sasa unapewa bawabu.

F-Droid, hifadhi ya programu huria iliyoanza mwaka 2010, ilionya Septemba 2025 kwamba mpango huu unaweza kuiua. Yenyewe huchukua msimbo ulio wazi, huukagua, hutengeneza programu na kuitia sahihi. Haiwezi kuwalazimisha mamia ya waandishi wa kujitolea wajiandikishe Google, wala haiwezi kujidai mmiliki wa kazi zao. Sijui jibu la Google kwa hilo ambalo si kuwaomba wabadilike wawe kitu kingine.

Njia ya kadiri ipo, na inauma zaidi kwamba imeshajaribiwa Kenya. Februari 2024 Google ilianza Singapore jaribio la kuzuia programu za nje ya duka zinazoomba ruhusa zile nne ambazo matapeli huzitaka: kusoma na kupokea ujumbe mfupi, kusoma arifa, kutumia huduma za ufikivu zinazoiwezesha programu kuona na kubonyeza kila kitu. Jaribio lilipanuliwa, na kufikia mwisho wa mwaka huo lilikuwa linaendeshwa Kenya na katika nchi nyingine kadhaa. Google yenyewe iliripoti kwamba lilizuia majaribio milioni 36 ya kusakinisha programu za hatari kwenye vifaa milioni 10. Programu ya kuhesabu lita za maziwa haiombi ruhusa hizo, na haiguswi. Programu nyingi za matapeli haziwezi kuiba bila hizo, na zinakwama. Ndivyo ilivyokuwa kwa leseni ya mchuuzi baada ya 2004: watu walikwenda kwanza kutazama hatari inakaa wapi.

Kama jaribio hilo limefaulu kiasi hicho, Google inadaiwa maelezo: ni wizi gani uliobaki hapa Kenya ambao usajili wa kila msanidi utauzuia na jaribio hilo halikuuzuia? Mamlaka ya Ushindani ya Kenya na Ofisi ya Kamishna wa Data zina uwezo wa kuuliza hilo kwa maandishi kabla ya 2027, na kudai takwimu za Kenya badala ya za dunia. Zinaweza pia kudai kwamba msanidi aliyenyimwa usajili apewe sababu na rufaa inayosikilizwa hapa nchini, kwamba vitambulisho vya Wakenya vikihifadhiwa nje vilindwe kwa masharti ya sheria ya 2019, na kwamba ile njia ya watumiaji wazoefu isifichwe wala isiondolewe kimyakimya baada ya mwaka mmoja. Vyama vya ushirika vya Bomet na Kericho vinavyotumia programu za simu navyo viandike barua zao, kwa sababu barua ya wafugaji elfu kadhaa wenye namba za uanachama husomwa tofauti na lalamiko la mtu mmoja.